Kikale Kisicho na Jina la Mwenyewe

Sisi tunaopenda vikale tuna ugonjwa mmoja. Tukiona kidani cha shaba chenye umbo la mtoto, hirizi ya ushanga iliyolainishwa na shingo za watu, au kisanamu cha mti chenye macho mawili makavu, mkono huenda mfukoni kabla akili haijauliza lolote. Siku hizi si lazima hata ufike mjini Kakamega. Picha inakujia kwenye simu, bei imeandikwa chini, na mwenye boda boda anasubiri kuambiwa alete. Ndiyo maana naomba tusikilize kwanza habari za Chalani.

Chalani ni kijiji cha Wagiriama katika Kaunti ya Kilifi. Kwa Wagiriama, mzee wa chama cha Gohu akifariki, jamaa zake humchongea kigango. Ni gogo refu, jembamba, lenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichochorwa pembetatu, mfano wa mtu asiye na mikono. Kikishasimikwa, hakiguswi. Watu wakihama, chenyewe hubaki pale mpaka kioze.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda mrefu, vikaibwa. Mzee alifariki mwaka 1987 bila kuviona tena. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani, Udvardy alikuwa akitazama picha ambazo mwenzake, Linda Giles, alikuwa akionyesha, za vigango vilivyokuwa kwenye makumbusho moja jimboni Illinois. Kimoja akakitambua. Cha pili kilikuja kupatikana kwenye makumbusho ya Hampton University, Virginia, yaliyokuwa na vigango 99. Vyote viwili vilirudishwa Kenya, na mwaka 2007 watu wa Chalani walikusanyika kupokea cha kwanza.

Mpaka hapo utadhani ni habari njema. Lakini tazama njia vilizopitia, maana kila mahali palikuwa na ishara, na kila aliyeiona aliipuuza.

Gogo lililosimama ardhini kwa miaka lina mguu ulioliwa na udongo na mchwa. Mwenye duka la vinyago Mombasa aliuona mguu huo. Alijua kitu hiki kimeng'olewa, wala hakikuchongwa kwa ajili ya rafu. Tena waliokileta mara nyingi walikuwa vijana wa huko huko vijijini, wasio na kazi, wenye haraka, wakikubali bei yoyote. Mtu anayeuza chake kwa halali hubishana bei. Anayekubali upesi ana sababu ya kutaka kitu kitoke mikononi mwake.

Halafu kulikuwa na maneno matamu. Wafanyabiashara waliwaambia wateja wa Marekani kwamba vigango vilikuwa vimetelekezwa, kwamba wenyewe hawavihitaji tena. Hili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu ningeambiwa mimi huenda ningeamini. Ni neno linalomwacha mnunuzi alale usingizi. Kutoka huko vikaingia nyumba za watu wa filamu wa Hollywood, kisha vikatolewa zawadi kwa makumbusho. Wataalamu wa makumbusho nao wakaandika kabila na umbo la kitu. Jina la familia halikuwepo, na ukosefu huo haukuwashtua.

Gharama yake ilionekana baadaye. Makumbusho ya Denver, huko huko Marekani, yaliamua kurudisha vigango 30 na kutangaza hivyo mwaka 2014. Vilifika Kenya mwaka 2019, vikakutana na madai ya ushuru kwenye uwanja wa ndege (tuliibiwa, kisha tukataka kulipisha ushuru kilichoibwa!). Na hata baada ya hapo, virudi kwa nani? Vya mzee Mwakiru vilirudi kwa sababu kulikuwa na picha yake. Vile 30 havikuwa na picha ya namna hiyo.

Hapa kwetu Kakamega hatuna vigango. Tuna bangili za shaba za wazee, shanga za kiunoni, viti vya miguu mitatu, vibuyu vya matambiko. Ngoma ya isukuti iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka mwaka 2014, nasi tukashangilia. Bangili ya nyanya iliyo ndani ya kopo kule Shinyalu haiangaliwi na mtu, ila mjukuu anayetafuta karo na mnunuzi anayejua anachokitafuta.

Kwa hiyo, ndugu mpenzi wa vikale, muuzaji akikuambia "ni cha zamani sana", muulize kilikuwa cha nani, kilitoka boma gani, na nani katika familia aliridhia kitoke. Akikujibu kwa jina la kabila tu, mrudishie. Ukitaka kukipeleka nje ya nchi, jua kwamba Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inadai kibali. Nanyi wenye nyumba, simu mnazo: mpigeni nyanya picha akiwa ameshika bangili yake, uso wake uonekane, muandike jina lake, kijiji na tarehe. Mwenye kitu ambacho tayari kinamtia shaka, makavazi ya Kisumu na Kitale si mbali na Kakamega. Akipeleke kikaangaliwe kabla hajampata mnunuzi mwingine.