Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Methali hii husemwa kwa haraka mno. Mtu akishindwa kulipa, mwenzake humtupia: kukopa harusi, kulipa matanga, na mazungumzo huishia hapo. Wengi huichukua kuwa inasema jambo jepesi, kwamba kupokea ni raha na kutoa ni karaha. Ingekuwa hivyo tu, nusu ya pili ingeweza kutaja kidonda, homa au balaa lolote. Imetaja matanga.

Katika mitaa ya Kisangani, tuseme Simi-Simi, matanga si huzuni ya mtu mmoja chumbani. Turubai hufungwa, viti vya plastiki hukodiwa, majirani hukesha. Daftari la michango hufunguliwa, na jina la kila aliyetoa huandikwa pamoja na kiasi chake. Halafu hufika siku ya kuanua matanga. Tangu hapo mfiwa anaweza kurudi sokoni, na hakuna atakayemshangaa akicheka. Matanga yanauma, lakini yana mashahidi, yana hesabu, na yana mwisho. Harusi ya mkopo haina hata kimoja kati ya hivyo: pesa hupokewa faraghani, bila kuhesabu riba, na mkopaji hudhani furaha itadumu.

Chukua dereva wa toleka, yaani teksi ya baiskeli, aliyekopa dola 100 kwa Banki Lambert, kama watu wetu wanavyowaita kwa utani wakopeshaji wa riba kali. Anatakiwa arudishe 150. Mwezi unapita, baiskeli inavunjika, mtoto anaugua. Mdai anapopiga hodi, mtoto mdogo hutumwa mlangoni kusema, "Papa hayuko." Baadaye Papa anabadilisha njia, anahama hata kanisa, anaacha likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kwa sababu mke wa mdai yumo. Kinachomtesa si malipo, maana hajalipa hata franka moja. Anateswa na msiba aliokataa kuuzika. Ndiyo maana naona methali hii haimtishi mdaiwa. Inamwonyesha pa kutokea. Matanga ya deni huanza siku anapofungua mlango.

Na akifungua, afanye kama wafiwa wafanyavyo: aite watu. Shefu wa avenyu awepo, au mzee wa kanisa, au yeyote ambaye pande zote mbili zinamheshimu. Aulize bila aibu: mwanzo tulipeana ngapi, nimeshapunguza ngapi, hii nyingine imetoka wapi? Deni la zamani lina tabia ya kuota vichwa vipya, hasa likipita mikononi mwa watu, baba akafa, mwana akaja na karatasi ambayo hakuna aliyeiona ikiandikwa. Hata kidogo kinacholipwa kiandikwe na kutiwa sahihi. Sheria nayo haikusahau kwamba madai huzeeka. Kitabu cha sheria ya raia cha mwaka 1888, ambacho Kongo ilikirithi kutoka ukoloni, kinayapa madai ya kawaida miaka 30 tu. Kwa madeni ya wafanyabiashara ni miaka 5, chini ya sheria za OHADA, jumuiya ya sheria za biashara tuliyojiunga nayo mwaka 2012. Methali haina kalenda ya namna hiyo. Mahakama inaweza kumwambia mdai kwamba muda umepita, lakini jirani bado atakumbuka.

Methali inambana mdai pia, ingawa wadai hupenda kulisahau hilo. Hakuna anayekwenda matangani kumpiga mfiwa. Mdai anayembeba mdaiwa hadi polisi ili alale mahabusu anavunja ahadi ambayo nchi yake iliitoa mwaka 1976, ilipoingia katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa: kifungu cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano. Ujanja unajulikana. Deni huandikwa kuwa kosa la kuvunja uaminifu, na mlango wa mahabusu unafunguka.

Kisangani yenyewe ni mdai wa deni la zamani. Kwa siku sita Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana katikati ya mji wetu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6,600, raia zaidi ya 760 waliouawa na kama 1,700 waliojeruhiwa. Hapa methali inapinduka, kwani inadhani harusi na matanga vitafanyika katika nyumba moja. Waliofanya harusi walikuwa wengine. Matanga yakawa yetu, na hayakuwa ya mfano.

Kongo ilikuwa imeishtaki Uganda tangu 1999. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu Desemba 2005, ikiwaacha wahusika wakubaliane kiasi cha fidia. Wakazungumza miaka kumi bila kufika popote, namna ile ile ya "rudi kesho" inayojulikana mlangoni kwa kila mdaiwa. Februari 2022 mahakama ikakata: dola milioni 325, zilipwe milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, na riba ya asilimia 6 kwa atakayechelewa. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11.

Hata hivyo, fedha kufika Kinshasa si sawa na deni kulipwa. Dola milioni 225 kati ya hizo ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu, wakiwemo waliouawa na waliojeruhiwa. Serikali imezidai kwa niaba yao. FRIVAO, mfuko wenye makao hapa Kisangani, ndio uliopewa kazi ya kuzigawa, na manung'uniko juu ya orodha ya waathirika hayajaisha. Anayekusanya mchango wa msiba hana haki ya kulifunga daftari. Afungue kurasa, watu wasome majina.

Rwanda je? Azimio 1304 la Baraza la Usalama, la tarehe 16 Juni 2000, lilizitaka nchi zote mbili zilipe fidia kwa hasara ya Kisangani. Kongo ilipoipeleka Rwanda mahakamani, jibu la Februari 2006 lilikuwa kwamba majaji hawana mamlaka juu ya kesi hiyo. Upande huo bado hakuna aliyekaa chini kuhesabu.