Mti wa Emin

Katika mtihani mmoja mwaka jana niliandika “musizi” palipotakiwa jina la mti, nikakatwa alama. Jibu lililotakiwa lilikuwa Maesopsis eminii. Sikulalamika, maana masharti ya mtihani niliyajua. Lakini tangu siku hiyo najiuliza: je, jina linalompa mtu mmoja heshima linaweza kuwadhulumu wasiotajwa?

Anayeheshimiwa hapa ni Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1840 akiitwa Eduard Schnitzer. Akawa gavana wa Equatoria, akauawa Kongo mwaka 1892. Alikusanya mimea na ndege kwa bidii, akawapelekea wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1895 Adolf Engler wa Berlin akautangaza mti huu kwa jina lake. Hata hilo “Emin” alijipa ukubwani. Asili yake ni Kiarabu, maana yake mwaminifu, shina moja na neno letu amana. (Mwenzangu mmoja alicheka: kumbe Uganda tuna Amin wawili, mmoja ni mti!)

Wapo wanaotaka majina ya namna hii yafutwe yote. Mimi nasita. Mwaka 2024 wataalamu wa mimea waliokutana Madrid walipiga kura “caffra” iondolewe katika majina ya spishi zaidi ya 200, iwekwe “affra”. Hapo sina ubishi, kwani lile ni tusi na wanaotukanwa wako hai. “Eminii” haimtukani mtu. Kosa lake ni kunyamaza: wapagazi waliobeba mizigo hawamo, wala wenyeji waliokwisha kuujua mti na kuupa jina.

Kwangu mimi hilo ni deni, na deni halilipwi kwa kufuta. Tukiliondoa jina la Emin, mpagazi hapati kitu. Tukiweka musizi mahali pake, tutaanza ugomvi mwingine, kwa kuwa mti huu unaota hadi Afrika Magharibi, na huko wana majina yao. Kule Amani, Tanzania, ulikopandwa kisha ukavamia msitu wa asili, sidhani kama kuna anayeigombea heshima hiyo.

Ninachodai ni kidogo: mtihani ukubali majina yote mawili. Wauza mbao wa Ndeeba wanaufahamu musizi vizuri sana. Nikienda pale kuomba mbao za Maesopsis eminii, nitarudi mikono mitupu.