Mzigo Ukiwa Hewani

Nimeendesha kreni Kilindini miaka kumi na tisa, na sheria ya kwanza niliyofundishwa haikuhusu breki wala vishikio. Ilikuwa hii: kontena likiwa hewani, hushuki. Adhana ya Magharibi iadhiniwe, simu ya nyumbani ilie, wewe umekaa. Chini wapo watu, nao hawaoni unachokiona. Kijana niliyekuwa nikimfunza aliniuliza siku ya pili tu, "Mzee, na haja ikinibana?" Nikamwambia isikubane.

Kwa kweli sheria hiyo niliijua tangu chuoni, kabla sijaiona bandari. Mtoto gani wa Kiislamu wa pwani hakusimuliwa vita vya Uhud? Wapiga mishale hamsini waliwekwa juu ya kilima kidogo, chini ya Abdullah bin Jubayr, wakaambiwa wasibanduke, wenzao wakishinda au wakishindwa. Wakaona adui anakimbia, wakaona ngawira, wengi wakashuka. Khalid bin Walid, aliyekuwa bado upande wa Makureshi, akazunguka nyuma na farasi wake. Maalim wetu akifika hapo alipiga bakora kwenye jamvi, pa! Nasi tukajua kwamba kushuka kilimani ni dhambi, basi.

Nilitulia na elimu hiyo mpaka niliposoma habari za Port Arthur.

Hiyo ni bandari iliyoko Uchina, kwenye ncha ya rasi ya Liaodong. Mwaka 1904 ilikuwa mikononi mwa Warusi, imezungukwa na ngome, na Wajapani wameizingira. Kaskazini magharibi yake kuna kilima kilichoitwa kwa kimo chake tu: Mita 203. Thamani yake vitani ilikuwa moja: aliyesimama kileleni aliziona meli za Kirusi zilizojificha ndani. Wajapani walikuwa na mizinga yenye kipenyo cha sentimita 28, kombora moja likizidi kilo 200, lakini walikuwa wakipiga kama kipofu. Walichokosa ni mtu mmoja mwenye darubini na waya wa simu. Kazi hiyo naielewa. Mmoja anaona, mwingine anatenda, na yule anayeona hagusi chochote.

Mwishoni mwa Novemba shambulio kubwa likaanza. Mahandaki yakatwaliwa, yakarudishwa, yakatwaliwa tena, juu ya maiti za jana. Wanamaji waliteremshwa melini wakapandishwa kilimani kufa kama askari wa miguu. Tarehe 5 Desemba kilima kikaanguka, na katika siku chache karibu manowari zote kubwa zilizosalia zikazama palepale zilipotia nanga. Maelfu ya Wajapani na maelfu ya Warusi walikuwa wamelala kwenye miteremko ile.

Lililoninyima usingizi ni jambo dogo. Tangu Agosti, meli ziliposhindwa kutoroka, mizinga yake mingi ilikuwa imekwisha kuteremshwa nchi kavu kusaidia ngome. Basi Warusi kilimani walikuwa wakilinda nini? Amana ni mzigo. Mzigo ukishatua, anayebaki juu anashikilia kamba tupu.

Najua jibu nitakalopewa, na lina uzito. Kila siku ngome iliposimama, jeshi la Jenerali Nogi wa Japani lilifungwa pale, haliwezi kwenda kupigana Mukden. Na meli nyingine za Urusi zilikuwa njiani kutoka Baltiki. Habari za kuanguka kwa Port Arthur zilizikuta Bukini, huku kwenye bahari yetu, nazo meli zikamaliza wiki nyingi Nosy Be zikingoja la kufanya. Kwa hiyo mzigo ulikuwapo, ila haukuwa ule uliokuwa ukionekana kutoka kileleni. Na askari handakini angejuaje?

Jenerali Stessel wa Urusi aliisalimisha Port Arthur tarehe 2 Januari 1905, huku chakula na risasi vikiwa bado vimo. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo mwaka 1908, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo, na mwaka uliofuata mfalme wake akamsamehe. Nogi, aliyempoteza mwana mmoja Nanshan na wa pili kwenye kilima hichohicho, alikipa jina jipya: ukilitamka kwa Kijapani unasikia mbili, sufuri, tatu, ukilisoma maandishi yake ni mlima wa roho zenu. Mwaka 1912, siku ya maziko ya mfalme wake, alijiua pamoja na mkewe. Leo ana mahekalu. Simpendi Stessel, lakini nikiwaweka wawili hawa pamoja sioni raha katika hukumu ya watu.

Nikarudi Uhud, nikaona nilichokiruka utotoni kwa sababu ya ile bakora. Walioshuka walisamehewa. Msamaha wao umo ndani ya Kurani yenyewe, katika Al Imran, sura ileile inayowalaumu. Maalim hakuwahi kutufikisha hapo. Labda muda ulikuwa ukimwishia.

Kijana wangu sasa anaendesha peke yake. Juzi nilimpandia kumtazama. Aliliteremsha kontena juu ya lori vizuri kabisa, kamba zikalegea, mpiga ishara chini akainua mkono. Yeye bado ameshika vishikio, vidole vimekakamaa, macho chini.

"Limetua," nikamwambia.

"Najua, Mzee," akasema, na hakuachia.