Tawba ya Mwenye Kusengenya kwa Simu



Imam An-Nawawi ameeleza katika Riyadhus-Salihin kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, tawba yake ina sharti tatu: kuiacha, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Lakini ikiwa yahusu haki ya binadamu, laongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake au kumtaka radhi. Twauliza: aliyesengenya kwa simu atalitimizaje sharti hili?

Ghiba si jambo jipya mjini Lamu. Wazee wetu walisengenya madakani, na dhambi ilikuwa dhambi. Lakini waliosikia walikuwa watu watano au sita, wajulikanao kwa majina na kwa nyumba zao. Aliyejuta aliweza kuwaendea mmoja mmoja, Mkomani hata Langoni, akalisafisha jina alilolichafua. Na wako maulamaa waliosema kwamba, ikiwa kumwarifu aliyesengenywa kutazidisha fitina, basi msengenyaji amuombee maghfira, na amtaje kwa wema pale pale alipomtaja kwa ubaya.

Sasa tuitazame simu. Tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp laweza kukusanya watu 1,024. Tuchukue mfano wa picha ya binti iliyopigwa katika arusi ya wanawake, naye kichwa wazi kwa kuwa yuko na wanawake wenziwe. Mmoja ampelekea dadake, kumuonyesha tu. Dadake aitia kundini. Jioni picha iko Faza na Siyu, kesho iko Mombasa, keshokutwa iko Uarabuni. Binti hakukosa lolote, na posa yake yavunjika. Aliyeianza akijuta, "pale pale" kwake ni wapi? WhatsApp humpa muda wa siku mbili na kitu kuufuta ujumbe wake kwa wote, lakini nakala walizokwisha kuzipeleka wengine hawezi kuzifuta.

Wako wasemao, "Sikuitunga mimi, nimeipeleka kama nilivyoipata." Hiyo si hoja. Habari ikiwa kweli, ni ghiba. Ikiwa uongo, ni buhtani. Na aya ya 6 ya Suratul-Hujurat yatutaka tuihakikishe habari kabla ya kudhuru watu kwa ujinga. Mwaka 2018, uvumi wa simu uliposababisha watu kuuawa mitaani huko India, WhatsApp ilianza kupunguza idadi ya watu na makundi ambayo ujumbe waweza kupelekwa kwa mara moja. Mwaka 2019 ikaweka mpaka wa matano ulimwenguni kote. Wafanya biashara wameona haja ya kuuzuia mkono wa mpelekaji. Sisi wenye aya hii tuna udhuru gani?

Hatusemi kwamba simu ni haramu. Yatuletea darsa, habari za wagonjwa na za maziko, na salamu za watoto walio mbali. Twasema kwamba kabla ya kupeleka, mtu ajiulize: nikijuta kesho, nitaweza kuwafikia wote? Akiona hawezi, na auzuie mkono wake.

Na aliyekwisha kupeleka asikate tamaa ya rehema ya Mola wake. Aandike katika kundi lile lile kwamba amekosa, awaombe wenziwe wafute, na kila atakaposikia heshima ya mtu yule ikiguswa, aitetee mbele za watu. Hilo ndilo lililobaki katika uwezo wake, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila iwezalo.

Wallahu aalam.