Wajina na Somo: Kennedy, Wamwere na Deni la Jina

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali la kimaadili ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeligusa upande mmoja tu: je, watu wanaochangia jina la ukoo wanadaiana nini? Wahakiki wameshughulikia sana majina ya kimajazi. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda na Mwivu ana wivu. Msomaji huwajua kabla hawajatenda. Jina la ukoo halifanyi kazi hiyo. Halimwelezi anayelibeba, bali humtaja mtu mwingine aliyemtangulia, ambaye pengine hakumjua kamwe.

Kiswahili chenyewe kinatoa maneno mawili ya kulikabili swali hili. Wajina ni mtu mwenye jina sawa na la mwenzake, wala hapana zaidi. Somo pia ni mtu anayeitwa kama mwingine, lakini neno hilo hubeba vilevile maana ya rafiki wa karibu, ya kungwi anayemfunda mwari, na ya jambo la kujifunza. Mtu huwa wajina kwa sadfa. Huwa somo kwa kutenda. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina la pamoja, peke yake, halizai haki wala hatia. Laweza tu kumdai yule anayelibeba, na deni hilo hulipwa kwa hiari yake.

Kennedy: Jina la Kiayalandi Nchini Kenya

Kwa asili Kennedy ni Ó Cinnéide. Ó humaanisha mjukuu au mzao, kama vile Mac humaanisha mwana. Chini ya utawala wa Waingereza familia nyingi za Ayalandi zilipoteza viambishi hivyo, jina likabaki bila ule uzi ulioliunganisha na babu. Tena Wakennedy si wa damu moja wote, kwani wamo wale wa Ayrshire, Uskoti, wenye historia yao wenyewe. Orodha inayomweka John F. Kennedy, Rais wa Marekani, kando ya Nigel Kennedy, mpiga fidla Mwingereza, na Charles Kennedy, aliyekiongoza chama cha Liberal Democrats cha Uingereza kuanzia 1999 hadi 2006, ni orodha ya wajina. Haisemi lolote juu ya wajibu.

Kenya ililipokea jina hili kwa njia nyingine. Mnamo Julai 1960 Tom Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy huko Hyannis Port kuomba msaada wa nauli za ndege kwa wanafunzi waliokuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani. Wakfu wa familia, uliopewa jina la kaka yake Joseph aliyekufa vitani, ulikubali kutoa dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri Septemba mwaka huo alikuwamo msichana wa Nyeri ambaye sehemu ya utoto wake ilipita katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, alikofanya kazi babake: Wangari Maathai wa baadaye. Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963, siku 20 kabla ya uhuru wa Kenya.

Tangu hapo jina la ukoo wa Kiayalandi likawa jina la kwanza la wavulana wengi wa Kenya. Wakenya wamemjua Kennedy Otieno katika kriketi ya taifa, na Kennedy Odede, mwanzilishi wa SHOFCO huko Kibera. Si lazima kila mzazi awe alimkusudia rais huyo. Hata hivyo, kuhama kwa jina kutoka mwisho hadi mwanzo kuna maana. Likiwa mwishoni, jina lilionyesha mtu alikotoka; likiwa mwanzoni, linaonyesha wazazi wanakotaka mtoto aelekee. Katika desturi ya Wagikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na hivyo kuitwa ni kukikalia kiti ambacho hakikupaswa kubaki kitupu. Anayempa mwanawe jina la mgeni anamkaribisha mgeni huyo miongoni mwa mababu.

Lakini somo hujifunzwa lote. Msaada wa 1960 ulitolewa katika mwaka wa uchaguzi, wakati wagombea wawili walipokuwa wakiwania kura za Wamarekani weusi, na wakati Marekani na Urusi zilipokuwa zikishindana kuipata Afrika. Mwenye jina hilo asiyetaka kuyajua hayo amebaki wajina tu.

Wamwere: Jina la Ukoo Subukia

Subukia, katika nyanda za juu baina ya mji wa Nakuru na Nyahururu, ni mahali panapofaa kulipima suala hili. Jina la mahali lina asili ya Kimaasai ilhali wakazi wake wengi leo ni Wagikuyu, na baina yao walipita walowezi. Katika mashamba ya walowezi, kibarua Mwafrika alitakiwa kubeba kipande. Humo jina liliandikwa ili mtu apatikane akitoroka, si ili akumbukwe.

Koigi wa Wamwere, aliyekuwa Mbunge wa Subukia kuanzia 2002 hadi 2007, analiandika jina lake kwa namna inayorudisha uzi huo. Kihusishi "wa" kinafanya kazi ileile ya Mac: kinamtaja baba. Mwaka 1992, Koigi alipokuwa rumande akishtakiwa kwa uhaini, mamake, Monica Wangu, pamoja na akina mama wengine na Wangari Maathai, waligoma kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Polisi walipowatawanya kwa nguvu, walihamia kanisa la All Saints. Jambo la kuzingatia ni kwamba madai yao hayakuishia katika jina la mtoto wa mtu mmoja. Walidai wafungwa wa kisiasa 52. Kila mama aliyataja majina ya wana wa wenzake kama ya wanawe. Wengi wa wafungwa hao walikuwa huru kufikia 1993. Mwaka 1995 mahakama ya Nakuru ilimhukumu Koigi pamoja na nduguye, Charles Kuria Wamwere, kifungo na viboko kwa shtaka la wizi wa mabavu, kesi ambayo Amnesty International iliiona kuwa ya kisiasa.

Mwaka 2000 Kerry Kennedy, binti Robert, alimwingiza Koigi katika kitabu chake juu ya watetezi wa haki za binadamu, Speak Truth to Power. Hapo majina mawili ya ukoo yalikutana bila kuchangia damu. Ikiwa kiini cha kuwa somo ni kujifunza na kusimama na mwenzako, basi usomo unaweza kuwapo hata pasipo ujina.

Kisa cha Wangari chathibitisha hoja hiyo kwa upande wa pili. Baada ya talaka, mumewe wa zamani, Mwangi Mathai, alimtaka aache kulitumia jina lake. Wangari aliongeza herufi moja, likawa Maathai. Jina hilo alilonyimwa na mwenyewe ndilo lililotangazwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Hatia ya Jina

Kuna pingamizi zito. Ikiwa watu huona fahari kwa jina la ukoo, mbona wasibebe na aibu yake? Hekima ya jadi yaelekea kukubali: mtoto wa nyoka ni nyoka, na samaki mmoja akioza, wote huoza. Pingamizi hili si la darasani tu. Mnamo Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi huko Nakuru na Naivasha, wapo waliodaiwa vitambulisho ili jina lifichue kabila, na jina likawa hukumu. Kipande kilikuwa kimerudi mikononi mwa majirani.

Jibu ni kwamba fahari na hatia hazina mizani moja. Anayesema "jina hili lanidai nitende mema" anajitwisha mzigo mwenyewe. Anayesema "jina lako lanipa haki ya kukuadhibu" anamtwisha mwingine mzigo wa tendo asilolitenda. Wala hoja hii haimwachilii mrithi wa dhuluma. Anayerithi shamba lililoporwa aweza kudaiwa shamba hilo, kwa kuwa limo mikononi mwake. Anayerithi jina tupu hadaiwi ila na nafsi yake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuchangia jina ni sadfa mpaka mmoja wa wanaolichangia aamue kujifunza kutokana nalo. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Hawakusema kwamba humulika kila anayeitwa hivyo. Mhakiki anayesoma majina katika riwaya au tenzi hana budi basi kuuliza maswali mawili zaidi ya lile la maana yake: nani analitumia jina hili kujidai mwenyewe, na nani analitumia kuwadai wengine? Katika bonde ambako jina kwenye kitambulisho liliwahi kuamua nani aishi, swali la pili haliwezi kuachiwa wanasiasa peke yao.