Mtoto Akiiba, Tumpeleke Wapi?



Hapa Kolwezi tunajua namna mtoto anavyoanza. Anapenya chini ya ukuta wa kompani kuokota mawe ya kobalti. Siku nyingine anakata waya wa shaba. Mwisho ni sufuria ya jirani. Akishikwa, wengine wanatafuta fimbo, wengine kasho. Na sisi watu wa maombi tuna neno baya kuliko fimbo: tunasema huyu mtoto ni mchawi.

Tusikilize sheria ya inchi yetu, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009. Mtoto ni yule asiyetimiza miaka 18. Akiiba, anapelekwa mbele ya tribinali ya watoto, siyo ya wakubwa, na kesi inasikilizwa mlango ukiwa umefungwa. Akiwa chini ya miaka 14, hawezi kuhesabiwa hatia, mwamuzi anamwachilia. Lakini hasara ya mwenye mali haifutwi! Tunasema hivi kwa ajili ya wababa wanaoshangilia kwamba sheria imesamehe. Wanaomlea ndio wanaodaiwa. Akiwa na miaka 14 au zaidi, mwamuzi anaweza kumkaripia, kumrudisha kwa wazazi, ama kumweka kwa jamaa nyingine au katika nyumba ya malezi. Tena, sheria inafungua njia ya usuluhishi kati ya mtoto na aliyeibiwa.

Kifungu cha 160 kinatugusa sisi wenyewe. Anayemshitaki mtoto uchawi anafungwa mwaka 1 mpaka 3, na faini ni franka 200.000 mpaka 1.000.000. Nabii hakutolewa katika kifungu hicho.

Tumwangalie Paulo. Alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo, katika mstari wa 18, aliomba deni lote aandikiwe yeye. Hakusema Onesimo hana deni, wala hakusema ana pepo. Alikuwa mfungwa, na bado alikubali kulipa.

Basi, shemasi akiitwa usiku kwamba mtoto wa kanisa ameshikwa, aende pamoja na mzazi, wala asiende mikono mitupu. Wachukue cheti cha kuzaliwa. Kama hakuna, karte ya shule au ya kliniki yenye tarehe, maana umri wa mtoto ndio unaoamua mambo yote. Kisha, kabla ya Jumapili, waende kwa mwenye sufuria.