Adabu ya Mtazamaji

Ndugu msomaji, nilifuatana na vijana wanane wa chuoni petu kwenda Baringo, katika Bonde la Ufa, kulitazama Ziwa Bogoria. Gari tuliliacha mbali, tukenda kwa miguu tangu asubuhi, na kabla ya adhuhuri tukafika Loburu, zinapobubujika chemchemi za moto.

Maajabu tuliyaona. Maji ya mvua huzama katika nyufa za ardhi, yakakuta miamba ya moto, yakarudi juu kwa kishindo na mvuke. Na kwa kuwa ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya bahari, maji hayo huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Ziwa lenyewe ni la magadi. Samaki hawaishi humo, bali heroe huja kula mwani mdogo mno unaoyafanya maji kuwa ya kijani.

Vijana wakachemsha mayai, tukala. Mmoja alipotaka kutupa maganda chemchemini, mzee mwenyeji aliyetuongoza akamzuia kwa upole: "Mwanangu, usitupe. Hapa ni kwetu. Wazee wetu wamezikwa hapa."

Kijana akanijia, akaniuliza kwa siri: "Maalim, ikiwa ni kwao, mbona kiingilio tumelipa langoni?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mahali pale palifanywa hifadhi mwaka 1973, na Waendorois, waliokuwa wakiishi na kulisha mifugo yao hapo tangu enzi, wakaondolewa. Februari 2010 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba wamedhulumiwa: warejeshewe ardhi, walipwe fidia, tena waachiwe njia ya kwenda kwenye ibada zao na malisho yao.

Atasema msemaji: ziwa lile ni hazina ya watu wote, na ndege wale wahitaji kulindwa, maslahi ya wengi hutangulia. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Msikiti nao ni maslahi ya wengi. Je, twaweza kuujenga katika kiwanja tulichomnyang'anya yatima? La hasha! Wema wa jengo hausafishi kiwanja. Anayetaka jambo jema na aliendee kwa njia njema: amwombe mwenyewe, waridhiane, amlipe. Nasi watu wa mwambao hatuhitaji kufundishwa uchungu wa mtu kuambiwa kuwa shamba la babu yake si lake.

Basi je, aendaye kutazama ana makosa? Sisemi hivyo. Macho tumepewa tutazame, na asiyestaajabia kazi ya Muumba moyo wake umekufa. Lakini mtazamaji ni mgeni, na mgeni ana adabu zake. Aulize mwenyeji ni nani. Asiharibu. Na akirudi kwao asihadithie mvuke na ndege tu, akamficha mwenye nyumba. Kwani anayeijua dhulma akaipamba kwa masimulizi mazuri, amemsaidia dhalimu japo hakukusudia.

Maganda tuliyarudisha garini ndani ya kikapu. Yule kijana nimemjibu kwa makala haya, na najua jibu langu limechelewa.

Wabillahi tawfiq.